Mlinzi wa Lango na Mrija wa Daktari

Kabla sijasema lolote juu ya Bibi Birkinesh, au Emama kama tunavyomwita, ieleweke kwamba ruhusa ninayo. Mimi ni nesi wa kliniki ya wanawake hapa Debre Birhan, na siri ya mgonjwa naujua uzito wake. Lakini yeye mwenyewe hadithi hii ameshaisimulia kwenye vikao vya kahawa vya nusu ya mji, kila mara akiongeza chumvi, na kila mara mimi nikizidi kuwa mjinga ndani yake. Sikatai, maana wiki inayofuata huwa nakuta bibi mmoja au wawili wapya kwenye foleni yangu. Ila na mimi nina haki ya kuisimulia walau mara moja, bila chumvi.

Birkinesh alizaliwa Ankober, akaolewa mjini akiwa msichana mdogo na dereva wa malori, akamzika dereva, akamlea mwanawe wa pekee, Wondimu, kwa kuchoma injera, mikate yetu mipana na myembamba. Mpaka leo anachoma. Hoteli mbili za barabara ya Dessie zinategemea mkono wake, na mkono huo haujawahi kuungua. Nadhani moto nao unamwogopa. Hata hivyo hakujulikana kwa injera. Alijulikana kwa lango la kanisa la Mariamu.

Kwetu mwanamke aliye kwenye siku zake haingii kanisani. Husimama nje ya ukuta, akasali kutoka huko, na hakuna anayemuuliza. Ni jambo lake na Mungu wake. Birkinesh aliona kwamba Mungu anahitaji msaidizi. Kila Jumapili na kila sikukuu, kwa miaka mingi, alisimama langoni na mwavuli wake mweusi, amejitanda netela, shuka jepesi la kanisani, nyeupe pepepe, akiwakagua wasichana wanaoingia. Alidai kwamba aliye mwezini anamtambua kwa mwendo tu, hahitaji kuambiwa. Akikushuku, mwavuli unashuka mbele ya kifua chako, na hapo hakuna rufaa.

Mimi nilishushiwa nikiwa na miaka kumi na mitatu. "We binti wa Getahun," akasema, na waimbaji wote wakageuka kutazama, "leo wewe na ukuta." Nilikuwa nachechemea kwa sababu kiatu kipya kilikuwa kimenichuna kisigino. Hedhi yenyewe nilikuwa sijaanza kuiona. Nilisimama nje nikalia, nikamwomba Mariamu amlipe bibi yule, na nikamkumbusha Mariamu ombi hilo kwa miaka kadhaa. Nalisema hili wazi ili mtu asidhani nilikuwa nampenda.

Basi mwaka juzi, katikati ya mfungo wa Pasaka, Birkinesh akaonekana amesimama upande wa nje wa lango badala ya ndani. Alisema ni magoti, ngazi za kanisa zimemshinda. Watu wakampa pole. Tatizo ni kwamba magoti hayohayo, siku za kazi, yalimpandisha mlima na kapu la injera mgongoni mpaka hotelini, tena akiwapita vijana. Jumapili zikafuatana, na yeye yuko nje. Wasichana aliowahi kuwafukuza walimsogelea, wakamwachia nafasi penye kivuli kwa adabu ambayo afadhali matusi. Bwana mmoja, Ato Zewdu, mwalimu mstaafu na mgane, alisikia minong'ono kwamba ujana umemrudia Emama, akaanza kumvulia kofia kila wakikutana.

Mimi sikuona ujana. Niliona uso uliopauka na mwanamke anayeshika ukuta akidhani hatazamwi. Alikuwa na miaka sitini na ushei. Mwanamke aliyekwisha koma hedhi akatokwa na damu tena, hata matone, hospitali haimpongezi; humwambia njoo tuangalie, kwa sababu mara nyingi ni kitu kidogo, na mara nyingine si kidogo hata kidogo. Nikamfuata penye ukuta, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Emama, hayo magoti yanatoka damu?"

Alinipiga mwavuli wa bega. Nikajua jibu.

Ilipita miezi, mvua zikaanza, ndipo akaja kliniki amejifunika hadi macho. Alimweleza Daktari Yonatan, kijana mpole kutoka Addis, kwamba ana dada yake huko Ankober mwenye shida fulani. Alieleza shida ya dada kwa ufasaha mkubwa: imeanza lini, inakuja vipi, asubuhi ikoje na jioni ikoje. Daktari akasema dada itabidi aje mwenyewe. Birkinesh akasema Ankober ni mbali. Daktari akasema hata hivyo. Bibi akatoka nje, akakaa kwenye benchi muda wa kunywa kikombe cha kahawa, akarudi, akaketi kiti kilekile. "Haya," akasema, "dada amefika."

Picha ya tumbo ilionyesha kwamba utando wa ndani ya kizazi, ambao kwa umri wake unatakiwa uwe mwembamba kama ganda la kitunguu, umenenepa. Daktari akamweleza kwamba picha inaonyesha unene tu, haisemi ni unene wa nini. Lazima kichukuliwe kinyama kidogo kikapimwe. Njia ziko zaidi ya moja, akasema. Kuna mrija mwembamba wa plastiki unaopitishwa palepale kliniki, mgonjwa akiwa macho. Ndani yake mna kijiti, ukikivuta mrija unafyonza vipande vya ule utando, na kazi inaisha kwa dakika chache. Kuna kulazwa usingizi na kukwanguliwa. Na kuna kuingiza kioo chembamba chenye taa, daktari aone kwa macho yake pale penye kasoro na achukue hapohapo badala ya kupapasa gizani.

Birkinesh alisikiliza kama anayechagua kitambaa sokoni. "Ipi inatoa damu kidogo?"

"Emama, tunachotafuta ni kujua kama kuna saratani."

"Nimekusikia. Ipi inatoa damu kidogo?"

Daktari akanitazama. Nilijua hesabu anayopiga bibi: ulikuwa umebaki muda mfupi kabla ya mfungo wa Mariamu, ule wa msimu wa mvua, ambao watu wazima wa mji wetu hushinda kanisani, na yeye alikuwa akitafuta njia itakayomrudisha ndani upesi. Daktari akasema mrija, na kwamba kwa vyovyote huo ndio wangeanza nao. Bibi akaridhika. Akauliza pia kama kipande chake atarudishiwa akizike, na kinapelekwa wapi. Kwenye maabara ya Addis, akaambiwa. Akaguna kwamba Wondimu tangu apate kazi Addis anaahidi kumpeleka akauone mji, na sasa kipande chake kitatangulia.

Alipewa vidonge vya maumivu, avimeze na chakula saa moja kabla ya kazi. Sasa siku yenyewe ikaangukia ndani ya mfungo, saa nne asubuhi, na Birkinesh hatii hata tone la maji mdomoni kabla ya saa tisa. Daktari alimuuliza kama dawa anazo. Akasema anazo, na ni kweli, alikuwa amezifunga kwenye pindo la netela. Daktari, mtoto wa Addis, hakupitisha akilini kwamba mtu anaweza kubeba dawa ya maumivu mpaka kitandani, akasubiri imalizike kazi, iishe misa, ndipo aimeze kwa shiro, mchuzi wa unga wa dengu.

Shingo ya kizazi chake ilikuwa imekaza kwa umri, na mrija ulihitaji kubembelezwa. Alinishika mkono. Nilikuwa nimeingoja siku ya kumwona mwanamke yule amelala chali mbele yangu bila mwavuli, nikidhani nitaifaidi. Badala yake nilikuwa namfuta jasho na kumwambia bado kidogo, Emama, bado kidogo, huku nikijikasirikia. Hakupiga kelele. Alisoma sifa za Mariamu tangu mwanzo, na alipofika mwisho akaanza upya. Daktari alipomaliza, bibi, akiwa bado anatweta, alimuuliza, "Daktari, wewe ulizaliwa na mwanamke?"

"Ndiyo, Emama."

"Hukuwahi kumuuliza iliumaje?"

Jioni ile alivimeza vidonge. Mpaka leo anavisifu: anasema hajaona dawa kali namna ile, alipoimeza tu akakuta hakuna maumivu yoyote.

Jibu lilichukua wiki kadhaa kutoka Addis. Lilisema kwamba kilichopatikana hakitoshi kutoa jibu. Hutokea, hasa kwa wanawake wa umri wake, mrija unaleta damu na makamasi na chembe mbili tatu zisizosema lolote. Birkinesh alilichukulia kama tusi la kifamilia. "Hakitoshi? Kwa uchungu ule mimi nilimzaa Wondimu mzima." Kisha akapata faraja: kama hawakuona ubaya, basi ubaya haupo. Daktari Yonatan akamwambia hapana, kutopata jibu si sawa na kupata jibu zuri. Utando bado mnene, damu bado inatoka, sasa itabidi alazwe usingizi, wapitishe kioo chenye taa, wakwangue vizuri.

Akakataa. Alikunja netela yake, akashukuru, akaondoka. Daktari alidhani anaogopa nusu kaputi, akaniomba niende kumtuliza nyumbani.

Nilimkuta jikoni, moshi umejaa, anamimina rojo la injera kwenye bamba la moto kwa duara lisilo na kosa. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikamwambia kwamba usingizi wenyewe ni mfupi, watu wanaamka na kuomba chai.

"Nikifa humo usingizini?"

"Hufi, Emama. Ni jambo dogo."

"Wangapi wameambiwa hivyo. Nikifa, nimekufa bila komunyo. Komunyo siwezi kupokea kwa sababu natoka damu. Damu haikomi mpaka mjue inatoka kwa nini. Na hamwezi kujua mpaka mnilaze." Akafunika injera, akanigeukia. "Haya, wewe uliyesoma. Nianzie wapi?"

Mkuki kwa nguruwe, niliwaza, na ningeweza kumwambia hivyo, kwani sheria aliyotupigia nayo mwavuli maisha yake yote sasa ilikuwa imemfungia yeye nje na ufunguo umo ndani. Lakini nilimwona anafunua kifuniko na kukirudisha bila kutazama ndani, kwa mikono ile ambayo haikuwahi kuungua, na nikaogopa kweli. Mwanamke huyu angeweza kufa kwa unyoofu wake. Nikamwambia anayejua pa kuanzia ni Aba Weldeyes, kasisi aliye baba yake wa roho. Akasema hawezi kutamka mambo hayo mbele ya kasisi. Akafikiri mpaka injera ikaiva. Kisha akaamua kwamba mimi ndiye nitakayeyatamka.

Ndivyo nilivyojikuta penye lango lile lile, natoa ushahidi juu ya kizazi cha Emama Birkinesh mbele ya mzee mwenye kilemba cheupe, yeye amesimama hatua kadhaa nyuma yangu, ameugeukia ukuta. Nilieleza utando, mrija, jibu lisilotosha na kile kioo chenye taa. Aba Weldeyes alisikiliza akitazama viatu vyake. Nilipomaliza akapaza sauti kidogo, imfikie aliye ukutani.

"Birkinesh, huo ni ugonjwa. Mgonjwa ni mgonjwa. Nitamwambia kasisi wa zamu akukomunishe kabla hujaenda."

"Lakini sheria, Aba."

"Sheria naijua. Wewe nani alikuweka hapa langoni?"

Bibi akasema, bila kugeuka, "Si wewe?"

"Mimi? Nilipohamia kanisa hili nilikukuta. Nilidhani umewekwa na aliyenitangulia. Hata mimi nilikuwa nakuogopa." Akajikuna ndevu, na nafikiri alimwonea huruma, maana aliongeza kitu ambacho hakikuwa na ulazima. "Mimi mwenyewe mwaka mzima huu sijahudumu madhabahuni. Magoti."

Kliniki ya wanaume iko mkabala na ya kwetu, na Aba nilikuwa nimemwona pale mara nyingi, na sijawahi kusikia anapimwa magoti; na kasisi anayetokwa na damu, sheria ileile inamzuia asiikaribie madhabahu. Birkinesh aligeuka, akamtazama.

"Pole kwa magoti, Aba."

"Na wewe pia."

Akakomunishwa. Wiki ile ile akalazwa, na safari hii nilimfungua pindo la netela kwa mkono wangu nione kama hakuna kilichofichwa humo. Kupitia kioo daktari aliona upande mmoja wa ukuta wa kizazi umevimba na kuchakaa, akachukua kutoka hapo, akakwangua na kwingine, vichupa vikaenda Addis. Birkinesh alipozinduka aliuliza mambo mawili, kama yu hai na kama injera za hoteli zimepelekwa.

Jibu lilipofika lilikuwa limetosha. Daktari Yonatan alilisoma chumbani peke yake, akazunguka zunguka, akafanya mazoezi ya maneno. Tulimketisha bibi, nami nikakaa kando yake. Akamwambia taratibu kwamba ni saratani, imeanzia kwenye utando wa ndani wa kizazi, na kwa picha walizonazo inaelekea haijatoka nje; atapelekwa Addis, kizazi kitaondolewa chote pamoja na mirija yake na vifuko vya mayai, na kwa kuwa wamewahi, matumaini ni makubwa.

"Chote?" akauliza Birkinesh.

"Chote, Emama."

"Na baada ya hapo, damu?"

"Hakutakuwa na damu tena."

"Hata sikukuu?"

"Hata sikukuu."

Akainua mikono juu, akamshukuru Mariamu, akapiga vigelegele. Vilikuwa vigelegele kamili, vya harusi, na wanawake waliokuwa kwenye foleni nje wakavipokea, wakidhani kuna aliyejifungua salama. Daktari aliduwaa. Akalirudia neno saratani, polepole, akitazama kama limeingia. Bibi akampapasa shavu, akamwambia amekuwa kijana mzuri. Daktari akalirudia tena. Birkinesh akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, saratani, ndiyo, na lini kinatolewa? Daktari akainuka kwenda kujaza karatasi za rufaa, na mlangoni akaninong'oneza nijaribu mimi, maana mgonjwa hajaelewa.

Tukabaki wawili. Nje vicheko vya wanawake vilikuwa vinatulia. Birkinesh alikuwa anajifuta macho, bado anatabasamu, na nilikuwa natafuta namna ya kuanza. Lakini lile tabasamu lilikuwa linaisha lenyewe, kidogo kidogo, mbele yangu.

"Unamkumbuka Fantaye," akasema, "aliyekuwa anauza unga wa shiro karibu na kituo cha mafuta?"

Nilimkumbuka. Alikuwa mzee kuliko Birkinesh, mdogo wa umbo, mkimya. Mwaka wake wa mwisho aliumaliza nje ya ukuta wa kanisa, kila Jumapili, amejifunika uso. Kisha hakuonekana tena. Tulisikia ni tumbo, tukaenda kuzika.

"Nilimwambia mbele za watu," akasema. "Nilimwambia, Fantaye, umri huo, achana na wanaume uingie kanisani. Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Nikadhani anacheka kwa sababu ni kweli."

Alikunja pindo la netela, akalikunjua.

"Huu mrija wenu. Kwake ungetosha?"

"Pengine, Emama. Na usingetosha, tungemlaza, kama wewe."

"Angejua."

"Angejua mapema."

"Alikuwa anasimama karibu sana na lango," akasema Birkinesh. "Nikamsogeza."

Akaivuta netela mpaka juu ya kichwa, akainama, na mabega yakaanza kutikisika bila sauti. Ombi langu la utotoni lilikuwa limejibiwa, na nisingependa kuona linajibiwa tena kwa mtu yeyote. Nilimkumbatia. Daktari Yonatan aliporudi na karatasi alimkuta analia, akanitazama kwa nafuu kubwa, akavuta kiti, akamshika mkono. Alifurahi kwamba mgonjwa wake, hatimaye, ameelewa kuwa ana saratani.